Mfuko Hadi Getini

Chumba cha kukatia, 2 Februari

Mheshimiwa Mzee,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima huko kwa binti yako. Najua utashangaa kupata barua ya karatasi. Siku hizi kiwandani hata ruhusa ya kwenda kuzika inaombwa kwa simu, ila mimi na simu hatuelewani. Nikigusa herufi moja zinakuja tatu, na wiki iliyopita nilimtumia meneja picha ya jicho langu la kushoto bila kukusudia. Akanijibu, "Imepokelewa."

Mimi ni yule mkataji mrefu wa meza ya tatu. Ulinibatiza Sentimita siku niliyokataa kukata kaptura za shule kwa patani iliyopungua sentimita moja kiunoni. Ulinifokea mbele ya watu wote, kisha ukachukua tepu, ukapima mwenyewe, ukasema, "Sentimita huyu yuko sahihi." Jina likaniganda. Hata mke wangu huniita hivyo akikasirika, yaani karibu kila siku. Niliingia kwako nikiwa na miaka ishirini na minne na nywele kichwani. Sasa nina hamsini na nane, na kichwa mtu anaweza kujinyolea ndevu akikitazama.

Nastaafu Ijumaa ya mwisho ya Mei.

Hawa walionunua kiwanda si watu wabaya. Vyoo vinang'aa, feni ziko kila kona, na wanatuita "timu". Ila sijazoea wanavyomuaga mtu. Siku yako ikifika unapata ujumbe: asante kwa mchango wako, bonyeza hapa. Januari aliondoka mama wa kupiga pasi. Siku yake ya mwisho alichelewa kidogo kukusanya vitu vyake, kufika getini kadi yake imeshazimwa. Miaka ishirini na sita kazini, akasimama pale amekumbatia mfuko, akingoja mlinzi amfungulie kama mgeni aliyepotea njia.

Kwako haikuwa hivyo. Mtu akimaliza kazi, mashine zote zinazimwa. Wewe unatoka ofisini umekunja mikono ya shati, unachukua mfuko wake wenye ndala, kikombe na sweta, unaubeba mwenyewe uwanja mzima mpaka getini. Pale unamkabidhi, unampa mkono, unasema, "Tumemaliza salama." Ulifanya hivyo kwa kila mtu, Mzee, kuanzia mhasibu hadi mfagiaji. Kila mtu.

Vijana huniuliza nimewezaje kusimama mahali pamoja miaka thelathini na minne kama nguzo ya umeme. Nikiwaeleza habari ya mfuko wanacheka: "Babu, yaani ulikuwa unasubiri kubebewa mfuko?" Nimefikiria sana, Mzee. Nadhani ndiyo.

Kwa hiyo naomba, kama afya inaruhusu, uje siku hiyo unibebee. Sitaweka vitu vizito.

Mtumishi wako,
Sentimita

*

19 Februari

Ndugu yangu,

Barua yako nimesomewa mara tatu. Nakukumbuka vizuri sana. Ningekusahauje wewe? Nakuona pale karibu na mlango, na ovaroli yako yenye mafuta, ukinuna kwa sababu hakuna anayekusikiliza.

Nitakuja. Mwambie mlinzi asinizuie. Nitaubeba kwa mikono yote miwili.

Mkono wako wa kulia unaendeleaje? Najiuliza habari zake kila siku.

Mzee

*Mjomba, shikamoo. Mimi ndiye binti yake, ndiye ninayeandika; macho yake hayamsaidii tena. Alipofika kwenye habari ya mkono alilia, ikabidi tupumzike. Sikujua kama uliumia kazini. Pole sana.*

*

4 Machi

Binti yangu,

Marahaba, na asante kwa mwandiko unaosomeka. Wa baba yako tulikuwa tunaupeleka kwa karani atutafsirie.

Mkono wangu ni mzima, wa kulia na wa kushoto. Ovaroli sijawahi kuvaa, sisi wakataji huvaa koti jeupe. Na kuhusu kununa, mke wangu alipofika hapo alicheka mpaka akakaa chini. "Baba watoto, miaka yote hiyo umemkatia suruali mwenyewe, na bado hakujui!" Nikamwambia Mzee ana mambo mengi kichwani. Akasema, "Mengi, ila wewe haumo."

Sikukasirika. Nilitoka tu nikafagia uwanja, na uwanja ulikuwa umeshafagiliwa.

Nadhani amenichanganya na fundi mitambo wetu, tuliyemwita Spana. Huyo aliumia. Alishafariki, mwaka wa nane sasa. Basi umkumbushe kwa upole: Sentimita, mrefu, meza ya tatu, mwenye kukohoa kabla ya kusema. Atakumbuka. Yeye alimjua kila mtu, na watoto wetu aliwajua.

Wako,
Sentimita

*

20 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Nimeandika barua hii mara mbili nikaichana, kwa hiyo nisamehe ikitoka vibaya.

Kosa si la macho, mjomba. Macho yake hayana tatizo. Kinachopotea ni kumbukumbu. Ni mwaka wa tatu sasa. Asubuhi ananiita kwa jina la marehemu mama, jioni ananiuliza nimeajiriwa lini na nani aliyenisaili. Nilimwambia habari zako kama ulivyoniagiza: mrefu, meza ya tatu, koti jeupe, kukohoa. Alinisikiliza kwa adabu kabisa. Kisha akasema, "Huyo simjui. Spana yuko wapi?"

Samahani. Ningeweza kukuficha, ila barua yako haikuwa ya kufichwa.

Lakini tangu ilipofika, baba amekuwa mtu mwingine. Anaoga bila kubembelezwa. Ananyoosha shati lake mwenyewe. Anatembea uani na kikapu changu cha sokoni, kwenda na kurudi, anasema anajizoeza. Kila siku: "Leo ndiyo siku ya Spana?"

Ombi langu ni baya na najua. Mwache aje. Na akikuita Spana, uitike.

Mwanao,
Binti wa Mzee

*

6 Aprili

Mwanangu,

Nimechelewa kujibu. Nisingizie kazi, maana huku kuna sare za wauguzi.

Nilikuwa nimeshakwenda kwa dada wa rasilimali watu kumwomba ruhusa ya mgeni. Binti mzuri, umri wa mtoto wangu wa mwisho. Akanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo nyumbani sijalizoea.

"Mzee wangu, tumeshakuandalia keki," akasema.

"Keki nashukuru. Ila nataka mtu anibebee mfuko."

"Mfuko ni mzito? Tunaweza kupata toroli."

"Si mzito."

Akakuna kichwa kwa kalamu. "Sasa kwenye fomu niandike amekuja kufanya nini?"

 Kwa baba yako jambo hilo halikuwa na fomu. Mwisho akaandika "kubeba", akagonga muhuri. Alipokuwa ananirudishia karatasi akaniuliza, si kwa dhihaka, kama wakati wetu kampuni ilitupenda kweli. Nikamwambia ilitujua. Nikatoka haraka kabla hajauliza swali la pili.

Usiku na mchana nimekuwa nikijiuliza nilichotaka kwa baba yako. Bima hatukuwa nayo, na muda wa ziada tulifanya tukinung'unika. Nilichotaka ni kwamba siku nisipofika kazini, kuna mtu juu kule atauliza, "Yule yuko wapi?" Kwa hilo tu ningefanya lolote. Na sasa naambiwa anauliza kweli, ila anamuuliza mwingine. Unaona mambo yangu? Hata kusahauliwa nimesahauliwa kwa zamu ya mtu mwingine.

Haya. Aje. Nitaitika.

Nina swali moja. Je, huwa anasema nini kingine kuhusu Spana?

Wako,
Sentimita

*

2 Mei

Mjomba,

Mungu akubariki. Nilimwambia umekubali, akacheka kama mtoto.

Umeuliza anasema nini. Hasemi mengi. Anarudia kitu kimoja: "Lazima nimwambie habari ya kinga." Nikimuuliza kinga gani, anaangalia mkono wake wa kulia, anakunja vidole kimoja kimoja. Ni kinga gani, mjomba?

Binti wa Mzee

*

20 Mei

Mjomba, hujanijibu. Natumaini si ugonjwa. Nimepata gari la kuazima, tutafika Ijumaa ya mwisho kama ulivyosema mwanzo, saa tisa alasiri. Nitamwacha aingie peke yake, ndivyo anavyotaka. Mimi nitangoja getini.

Binti wa Mzee

*

3 Juni

Mwanangu,

Uliniuliza mara mbili mlipokuwa mnaondoka: "Mmesemezana nini pale katikati?" Na kwa nini nilimnyang'anya baba yako mfuko. Nikakwambia ulikuwa mzito. Ndani kulikuwa na koti, kikombe na keki iliyobaki. Hakuna mtu aliyewahi kusema uongo mwepesi kama huo.

Nitakuambia yote. Usimsomee.

Wasichana wa cherehani walizima mashine wenyewe, bila kuambiwa na mtu. Kumbe siku zote walikuwa wakinisikia. Baba yako akaingia na mikono ya shati imekunjwa. Akapita mbele yangu, akatazama kila uso, mpaka nilipokohoa na kusema, "Mzee, niko hapa." Akasema, "Spana!" Nikaitika. Akachukua mfuko, tukatoka. Mwendo ni uleule, anatanguliza bega. Kusema kweli, kwa hatua kama ishirini hivi nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote mjini, na nilikuwa natumia jina la marehemu.

Katikati ya uwanja akasimama.

"Spana, ile kinga niliitoa mimi."

Nikageuka kutazama getini.

"Ulinikataza. Ulisema kisu cha mashine bila kinga kitamla mtu. Mimi nikakwambia oda ya shule haisubiri, kitambaa kiwekwe safu nyingi, itoe. Ukaitoa kwa amri yangu. Halafu nikaandika umeitoa mwenyewe."

"Ni zamani, Mzee," nikasema.

"Vidole vitatu. Nikakufukuza na vidole vitatu vimekwenda, kwa karatasi iliyosema uzembe. Ulipita mlango wa nyuma. Mfuko wako sikuubeba."

Niliandika mwanzoni kwamba alibeba mfuko wa kila mtu. Nilidanganya, mwanangu. Kila mtu isipokuwa mmoja, na mimi nilijua ni nani.

Nikajaribu kumvuta mkono tuendelee. Hakusogea. Akasema:

"Na yule mwingine. Yule aliyeweka sahihi ya shahidi. Mrefu hivi. Jina limenitoka."

Nikamuuliza, "Unamkumbuka?"

"Vizuri sana. Nilimwita ofisini nikampa kalamu. Sikumtisha, sikumwahidi kitu. Hakuuliza swali hata moja, akaweka sahihi, akauliza kama arudi mezani." Akatikisa kichwa. "Alikuwa mwaminifu sana yule. Sijapata mfanyakazi kama yule."

Basi. Nilikuwa nimenung'unika miezi mitatu kwamba hanikumbuki.

Mwezi uliofuata nilifanywa mkuu wa meza ya tatu. Sikuomba. Nilijiambia ni kwa sababu napima vizuri. Na Spana nilikuwa nakula naye kila mchana, benchi moja. Miaka tisa alikuwa akinigawia chai yake kwa sababu mimi husahau chupa. Alipotoka na bendeji nilikuwa nimeinamia patani, nikichora mstari ambao ulikuwa umeshachorwa.

Baba yako akaniuliza, "Umenisamehe?"

Ungesema "ndiyo". Mtu yeyote angesema. Mzee wa watu amesimama juani na mfuko wangu mkononi. Nilifungua kinywa, neno likakataa kutoka. Nilivaa jina la Spana siku ile ili nisindikizwe, hilo nilikuwa nimeshamwibia. Nikajiuliza, nikimwibia na msamaha wake, atabaki na nini?

Ndipo nikachukua mfuko mkononi mwake. Akaniacha niuchukue. Tukatembea mpaka kwako. Alininyooshea mkono pale getini, wewe uliona, midomo ikawa inatafuta lile neno lake. Mimi sikungoja.

Sasa unajua kinga ni kinga gani, na unajua unayemwita mjomba ni nani. Ukitaka kuacha kuniita hivyo, ni haki yako.

Sentimita

*

15 Juni

Mjomba,

Bado nakuita hivyo. Sijui kesho.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili mwaka ule. Nakumbuka baba alikaa siku nyingi bila kula, mama akatuambia ni tumbo. Nimekua nikijivunia habari ya mifuko. Nilihadithia hata siku ya harusi yangu.

Sasa nisikilize, maana nimechoka. Kila asubuhi anauliza, "Spana amejibu?" Nilimwambia umesamehe. Akanitazama, siku hiyo akili zikiwa zimetulia, akasema, "Hakusema hivyo. Nilikuwepo." Mambo yote yamefutika, mjomba, hata kifo cha mama kimefutika, lakini hilo la uwanjani limebaki wima. Hali chakula. Daktari hasemi miezi tena, anasema tuwe naye karibu.

Andika mstari mmoja. "Nimekusamehe." Weka sahihi, Spana. Karatasi ataishika, ataiweka chini ya mto, atalala. Nani ataumia? Spana hayupo. Baba naye anakwenda. Tutabaki mimi na wewe tunaojua.

Nakuomba kama mtoto wako.

Binti wa Mzee

*

28 Juni

Mwanangu,

Karatasi niliichukua. Nikakaa mezani, kalamu mkononi, nikaandika neno la kwanza mpaka nusu. Unajua mimi kwa kuweka sahihi si mgumu. Nilishawahi kumwekea baba yako sahihi ya uongo kuhusu Spana mara moja, na ilinichukua muda mfupi kuliko kufunga kifungo. Hii ya pili ingekuwa rahisi zaidi, kwa sababu ni ya huruma. Nikaichana.

Badala yake nilikwenda kwa mjane wa Spana. Mke wangu alitaka kunisindikiza, nikakataa, akanifuata hivyo hivyo akakaa kituoni kuningoja.

Ana chumba kimoja na varanda, anashona vifuniko vya mito kwa cherehani ya mkono. Alinikaribisha kiti. Alifurahi kuniona, ndilo lililoniua. Nikasema yote bila kukaa: kinga, amri, kalamu, sahihi. Nilitegemea kelele. Nilijiandaa hata kwa kofi, nilivua miwani.

Hakupiga kelele. Aliendelea kuzungusha gurudumu la cherehani taratibu, kitambaa kimeshakwisha chini ya sindano. Kisha akasema:

"Kwa hiyo hakuitoa kwa kutaka kwake?"

"Hapana, mama. Aliamriwa. Na alikataa kwanza."

"Aliniambia hivyo siku ya kwanza. Aliniambia, 'Mke wangu, niliamriwa.' Wiki ikapita. Akaonyeshwa ile karatasi, akakuta jina lako. Akarudi nyumbani akakaa hapo ulipo. Akasema, 'Mwenzangu hawezi kuandika uongo juu yangu. Kama yeye anasema niliitoa mwenyewe, basi niliitoa, nimesahau tu kwa maumivu.'"

Nikavaa tena miwani.

"Miaka yote, shemeji. Alikuwa akiamka ananiuliza, 'Hivi kweli niliitoa?' Nikawa namwambia, yaishe. Sikujua nimwambie nini. Na mimi nilikuamini wewe."

Amekufa akidhani kosa ni lake, mwanangu. Baba yako alimchukulia kazi. Mimi nilimchukulia hata kujua kwake mwenyewe.

Nikamwambia mama yule kwamba Mzee anaomba msamaha, na mimi naomba. Akakata uzi kwa meno. Akasema, "Mngekuja kwake." Akainuka akafungua mlango, taratibu, kama mtu anayeaga mgeni wa heshima. Nikatoka peke yangu mpaka barabarani.

Sina cha kukutumia. Baba yako akiuliza asubuhi kama Spana amejibu, mwambie bado. Umshike mkono, umpe chai, umwambie bado.

Mimi